Kupima presha ya bomba la gesi kwa kanuni za Marekani: hesabu, saa na makosa yanayoharibu jaribio

Marekani hakuna bomba la gesi, liwe jipya, lililohamishwa au lililobadilishwa, linaloruhusiwa kuanza kazi kabla ya kupimwa presha kwa masharti ya Sehemu J ya kanuni za 49 CFR 192. Fundi wa Dar es Salaam ana mamlaka yake ya nishati, EWURA, wa Nairobi ana EPRA, kwa hiyo asizichukue namba hizi kama zilivyo. Hesabu za joto na za vilima ni zilezile popote.

Kabla hujawasha kompresa, kokotoa

Tafuta kwanza presha ya juu kabisa ambayo bomba litaruhusiwa kufanyia kazi. Kwenye makaratasi huandikwa MAOP. Kisha kipenyo cha nje, unene wa ukuta na SMYS, yaani mkazo wa chini ambao mtengenezaji amethibitisha kuwa chuma kitauhimili kabla ya kuanza kuvutika bila kurudi. Zidisha 2 kwa SMYS kwa unene, gawa kwa kipenyo. Chukua bomba la inchi 12.75, ukuta wa inchi 0.250, chuma cha X42 chenye SMYS ya psi 42,000 (psi ni ratili kwa kila inchi ya mraba). Unapata psi 1,647: hiyo ndiyo presha inayofikisha ukuta asilimia 100 ya SMYS.

Sasa tuseme MAOP ni psi 800. Hiyo ni karibu asilimia 49 ya SMYS. Bomba la chuma linalofikia asilimia 30 au zaidi lazima likae kwenye presha ya jaribio kwa saa 8 angalau. Presha yenyewe hutegemea daraja la eneo: kwa bomba jipya la chuma, zidisha MAOP kwa 1.25 kwenye Daraja la 1 na la 2, kwa 1.5 kwenye la 3 na la 4, ambako nyumba ni nyingi. Bomba letu likiwa Daraja la 3, linapimwa kwa psi 1,200, sawa na asilimia 73.

Hapo ndipo wenye haraka hukwama. Kwenye Daraja la 3 hewa au naitrojeni hairuhusiwi kupita asilimia 50 ya SMYS, ambayo hapa ni psi 823, na gesi asilia mwisho wake ni asilimia 30. Hakuna ujanja, ni maji. Sababu si urasimu: hewa iliyobanwa huhifadhi nguvu nyingi, na bomba likipasuka ufa huendelea kukimbia kwa sababu hewa bado inasukuma. Maji hayabanwi sana. Bomba likifunguka, presha hushuka papo hapo.

Jaribio la maji

Jaza kutokea upande wa chini, ukitanguliza pigi, yaani kizibo kinachosukumwa ndani ya bomba, mbele ya maji, na uache matundu ya kutolea hewa wazi kwenye kila kilele mpaka yatoe maji matupu. Hewa iliyonaswa huifanya geji kuwa laini: unapampu, presha inapanda kwa uvivu. Hesabu mipigo ya pampu kwa kila psi 10. Mipigo mingi mwanzoni maana yake hewa imebaki. Mipigo ikiwa sawasawa halafu ikaanza kuongezeka karibu na presha ya jaribio, simamisha: ama panavuja, ama ukuta umeanza kuvutika.

Kilima hula presha. Kila mita ya mwinuko ni takriban psi 1.42. Geji ikiwa bondeni na sehemu ya juu ya bomba ikiwa mita 40 juu yake, geji lazima isome psi 1,257 ili kileleni ziwepo 1,200. Kagua pia kwamba bondeni hujapita kiwango ambacho bomba na flenji zinahimili.

Saa 8 hazianzi kuhesabiwa mpaka maji yamekaribia joto la udongo. Mara nyingi hilo huhitaji kulala usiku mmoja. Mkazo unapozidi asilimia 50 ya SMYS, wasiohusika wakae mbali mpaka presha irudi kwenye MAOP au chini yake. Maji yaliyotumika yana kutu na mabaki ya welding, kwa hiyo panga mapema pa kuyamwaga.

Presha ndogo na mabomba ya plastiki

Chuma kilicho chini ya asilimia 30 lakini kinachofanya kazi kwa psi 100 au zaidi hupimwa kwa saa 1 angalau. Chini ya psi 100, bomba kuu la mtaani linalotumia psi 1 au zaidi hupimwa kwa psi 90; lisilofika psi 1 hupimwa kwa psi 10. Laini ya kuingia nyumbani: psi 50 ikiwa inatumia kati ya psi 1 na 40, na psi 90 ikizidi hapo.

Plastiki ina sheria yake: mara 1.5 ya presha ya kazi au psi 50, ile iliyo kubwa. Kwa psi 60 ni psi 90. Kanuni haikutaja muda. Inataka utaratibu utakaogundua kila mvujo wa hatari, na muda huo umo kwenye mwongozo wa kampuni yako. Usizidi mara 2.5 ya presha ya usanifu kwa joto lililopo, na bomba lenyewe lisipite nyuzi 38 za Selsiasi, isipokuwa kama nguvu yake ya muda mrefu ilithibitishwa kwa joto kubwa zaidi. Bomba la polithilini lililoachwa juani kwenye mtaro wazi hupita hapo bila shida, kwa hiyo lifukie kwanza, ukiacha viungo wazi.

Kinachowasumbua wengi ni geji kushuka bila mvujo. Umejaza hewa saa nane mchana, bomba lina nyuzi 30, geji psi 90. Jioni bomba limepoa mpaka nyuzi 20. Ongeza 14.7 kwenye 90, zidisha kwa 293, gawa kwa 303, toa 14.7: geji itasoma 86.5. Umepoteza psi 3.5 na hakuna tundu popote, lakini jaribio limeanguka kwa sababu umeshuka chini ya 90. Anza juu kidogo, weka kipimajoto kwenye ukuta wa bomba (si hewani), na acha plastiki imalize kutanuka kabla ya kuanza saa.

Povu la sabuni lipite kwenye kila kiungo. Kwenye sadoli, kiungo kinachopachika tawi juu ya bomba, angalia ukingo wa chini, pale brashi isipofika; mvujo mdogo hutoa kishada cha mapovu meupe kinachokua polepole, rahisi kukidhania ni sabuni iliyobaki. Ukiupata, shusha presha kabla ya kukaza chochote, na baada ya kurekebisha anza muda upya.

Usipime ukitegemea valvu iliyofungwa ambayo upande wa pili ina gesi. Ikivuja, hewa inaingia kwenye gesi au gesi inaficha mvujo wako. Tenganisha kabisa, funika kwa kifuniko cha flenji. Kiungo cha mwisho cha kuungia kwenye laini ya zamani kimesamehewa jaribio kuu, ila kama si cha welding lazima kikaguliwe mvujo kwa presha ya kazi. Na laini ya nyumba iliyokatwa kwa muda hupimwa kama mpya, kutoka ilipokatwa hadi kwenye valvu yake, kabla ya kurudishwa. Hili husahaulika sana.

Kumbukumbu

Kwa majaribio ya chuma cha psi 100 na kuendelea, andika kampuni ya bomba, msimamizi na kampuni iliyopima, ulichojazia, presha, muda, chati, tofauti za mwinuko zikiwa kubwa, na kila mvujo na ulivyotatuliwa. Zinatunzwa maisha yote ya bomba. Za presha ndogo na plastiki, miaka 5 angalau. Mwaka 2010 bomba la inchi 30 lililofukiwa mwaka 1956 lilipasuka San Bruno, California, likaua watu 8. Makaratasi yalisema halina mshono wa welding, nalo lilikuwa nao, na halikuwa limewahi kupimwa kwa maji. Kanuni zilizoanza Julai 2020 zikaongeza jaribio la kilele kwa mabomba yenye hatari ya nyufa: mara 1.5 ya MAOP au asilimia 100 ya SMYS, iliyo ndogo, kwa dakika 15 angalau baada ya presha kutulia. Kwenye chati yako andika pia namba ya geji na tarehe ilipohakikiwa mara ya mwisho.