Basilika ya Mt. Petro, Roma: jinsi ya kuiona vizuri, kwa mahujaji wa Iringa na Mbeya

Maandalizi yaanzie nyumbani. Jumapili baada ya misa, pima kanisa la parokia yako kwa hatua, kutoka mlango mkubwa hadi ngazi za altare. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, hivyo hatua 40 ni mita 30. Basilika ya Mt. Petro ina urefu wa takribani mita 186 kwa ndani, karibu hatua 250. Kipimo hicho utakihitaji sana, kwa sababu jengo hili hudanganya macho: kila kitu kimekuzwa kwa uwiano, na wengi huingia wakaona ni kanisa la kawaida tu.

Fika saa moja asubuhi milango inapofunguliwa. Ukichelewa, foleni ya ukaguzi inaweza kula saa kadhaa. Kuingia ni bure. Mabega na magoti yafunikwe, na khanga moja kwenye mkoba huokoa wengi. Epuka Jumatano asubuhi kama Papa ana katekesi uwanjani, kwani kanisa kwa kawaida hufungwa hadi mchana.

Usikimbilie mlangoni. Litazame kuba ukiwa mbali, mwanzoni mwa uwanja. Ukisogea linazama nyuma ya ukuta wa mbele, kwa kuwa mpango wa msanifu Michelangelo ulikuwa wa msalaba wenye mikono sawa, kisha msanifu Maderno akaurefusha upande wa mbele mwanzoni mwa karne ya 17. Halafu tafuta duara la jiwe sakafuni, kati ya obeliski (mnara mwembamba wa jiwe katikati ya uwanja) na chemchemi. Simama juu yake: safu nne za nguzo za msanifu Bernini zinaonekana kama safu moja. Sogea hatua mbili pembeni, zinatawanyika tena.

Ndani, anza na vyombo vya maji ya baraka. Malaika watoto wanaovishika wanaonekana wadogo, lakini ukisimama kando yao utakuta wana kimo cha mtu mzima. Hapo ndipo macho hurekebika. Tembea katikati ukisoma alama sakafuni zinazoonyesha makanisa mengine makubwa duniani yangeishia wapi. Kisha inua macho uone kibanda cha shaba juu ya altare kuu: takribani mita 29, sawa na jengo la gorofa tisa hivi. Picha kubwa za kwenye altare za pembeni nazo, karibu zote, hazikuchorwa kwa brashi. Zitazame kwa mshazari, mwanga utakuonyesha mozaiki, yaani vipande vidogo vilivyopangwa kuwa picha.

Kuba hulipiwa. Ngazi ni 551. Ukipanda lifti hadi paani zinabaki kama 320. Aliyezoea kupanda jiwe la Gangilonga pale Iringa ataziweza, ila sehemu ya juu ni nyembamba na ukuta umeinama kufuata kuba. Mwenye presha au anayeogopa sehemu zilizobana aishie paani, maana njia ya kupandia siyo ya kushukia, na ukishaingia kugeuka katikati ni shida.