Hitisinki Imekwaruzwa: Uipige Msasa au Uifunge Hivyo Hivyo?

Kijana mmoja aliniletea kompyuta ya mezani ya mtumba, prosesa mkononi, hitisinki (kile kipande cha chuma kinachoipoza prosesa) kwenye mfuko wa rambo. "Fundi, nimeua mashine?" Alikuwa amekwangua pesti kavu, ile inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki ili ipitishe joto, kwa bisibisi bapa. Chini ya hitisinki palikuwa na mikwaruzo minne, mmoja umezama kweli kweli, na alishanunua msasa. Nikamwambia auweke chini kwanza.

Mkwaruzo wenyewe ni mfereji tu, na pesti kazi yake ni kujaza mifereji. Haipitishi joto kama shaba, lakini inaishinda hewa zaidi ya mara mia. Kinachosumbua ni kile kinachobaki pembeni. Bisibisi ikilima, chuma kilichotoka kwenye mfereji hulala kando kama tuta la shambani. Tuta hilo, hata likiwa jembamba kuliko unywele, huinua hitisinki nzima, na pesti inabaki nene pasipotakiwa.

1. Safisha. Tumia spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pesti iliyoganda ilowekwe dakika tano kwa pamba, kisha iondoe kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Bisibisi irudi kwenye boksi.

2. Papasa kwa kucha, ukikatiza mkwaruzo. Kucha ikizama tu, huna kazi, nenda hatua ya 4. Ikikwama kabla ya kuzama, hapo pana tuta. Hakikisha kwa rula ya chuma: isimamishe kwa ukingo wake juu ya kitako, yaani uso wa hitisinki unaogusa prosesa, tazama ukielekea dirishani. Mwanga mwembamba ukipita kwenye mfereji peke yake, sawa. Rula ikibembea, umelipata tuta.

3. Kata tuta, tuta tu. Zungushia msasa wa maji namba 1000 kwenye kipande kigumu kilichonyooka, lowesha, pitisha mara tano au sita bila kukandamiza, papasa tena. Ukimaliza, pitisha namba 2000 kidogo. Fanya mbali na ubao mama, maana unga wa chuma unapitisha umeme, kisha osha kwa aisopropili na ukaushe.

Usijaribu kusaga mpaka mfereji uishe. Watu wengi huharibu hapa. Bila kioo kilichonyooka na subira ya saa nzima, mkono huegemea upande mmoja, kingo zinaliwa, na kitako kinabaki kimevimba katikati. Vitako vya rangi ya fedha mara nyingi ni shaba iliyopakwa nikeli. Ukiona wekundu, nikeli imeisha. Itapoza bado, ila shaba itafifia na dhamana ukaisahau. Hitisinki ambazo mabomba yake ya kubeba joto yanagusa prosesa moja kwa moja mimi sizigusi kwa msasa kabisa: ukuta wa bomba ni mwembamba, na likitoboka kimiminika cha ndani kinatoka, hitisinki ni chuma chakavu.

Kuna wanaoshauri kujaza mikwaruzo kwa metali ya majimaji. Ina galiamu, na galiamu hula alumini. Pesti ya kawaida inatosha.

4. Weka pesti, kiasi cha punje ya kunde, katikati ya prosesa. Kaza skrubu kwa mshazari, kila moja mizunguko miwili, usiimalize moja kwanza. Kisha ifungue tena. Ndiyo, ifungue: alama ya pesti itakuonyesha kila kitu. Ikiwa imetandazika nyembamba katikati yote, kitako kimekaa. Ikiwa nene upande mmoja, rudi hatua ya 2. Futa, paka upya, funga moja kwa moja. Pesti iliyokwisha kuachanishwa hunasa hewa.

5. Washa, ipe kazi nzito kwa dakika 15, soma nyuzi joto kwa programu ya HWMonitor. Prosesa nyingi za Intel za mezani hujipunguzia kasi zikikaribia 100. Ikipanda huko ndani ya sekunde chache, angalia skrubu na waya wa feni kabla hujalaumu mkwaruzo. Hitisinki ya yule kijana ilikuwa na tuta moja tu. Ile mifereji minne tuliiacha mle mle, na pesti ndani yake.