Kuchagua injini mbadala ya Corolla KE70 ya rali, Unguja na Pemba

Injini ya 4K, ile ya asili ya KE70, ikishaanza kunywa oili na bloku imeshachongwa hadi saizi ya mwisho, wengi hukimbilia kuulizia injini yenye nguvu zaidi. Kisiwani, nguvu ni swali la tatu. La kwanza ni kama injini itakubalika kwenye daraja lako la mashindano. La pili ni kama gasketi, ringi na fundi anayeijua wapo hapa hapa. Gasketi ya hedi ikiungua Alhamisi, boti ya mzigo kutoka Dar es Salaam haitakuwahia Jumamosi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya ujazo

Mipaka ya kawaida ya madaraja ya FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, ni cc 1,400, 1,600 na 2,000. 4K ina cc 1,290. Ukiweka 5K ya cc 1,486 umepanda daraja moja. Turbo ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu ujazo wake huzidishwa kwa 1.7: 4E-FTE ya Starlet, cc 1,331 tu, inahesabiwa kama 2,263. Soma kanuni za waandaaji wako kabla hujatoa hata arbuni.

Hatua ya 2: Tazama kitakachoingia bila kukata bati

Chaguo letu kwa KE70 ni 5K. Bloku yake kwa nje inafanana na ya 4K, maunti (vishikizo vya injini) zinakubali, na gia boksi yako inabaki. Utaipata kwenye Liteace na Townace za zamani, ambazo mafundi wetu wamezifungua miaka mingi. Haina taiming belti, ni cheni.

4A-GE ya cc 1,587 ni injini nzuri sana, lakini inakuja na bili yake: maunti mpya, gia boksi nyingine, waya na kontroli boksi (kompyuta ya injini), pampu ya mafuta ya presha kubwa, na breki za kuisimamisha. Ikiwa imetoka kwenye gari ya kuvuta mbele, distribyuta itagonga ukuta ulio kati ya injini na kabini ukiigeuza ikae kwa urefu, kama KE70 inavyotaka. Bajeti ya injini peke yake haitoshi.

Hatua ya 3: Kagua injini kabla ya kulipa

Anza na njia za maji, maana hapo ndipo injini nyingi za visiwani zinapofia. Maji ya visima vyetu yana chokaa, na ya karibu na pwani yana chumvi. Gari ya mizigo hujazwa hayo kwenye rejeta miaka nenda miaka rudi. Fungua pampu ya maji, umulike ndani ya bloku kwa tochi. Kutu laini ya kahawia huoshwa ikatoka. Magamba meupe yaliyoshikana na chuma, hayabanduki hata kwa bisibisi, yanazuia joto lisitoke, hasa silinda ya 4 iliyo mbali na pampu. Kisha gonga kwa ncha ya bisibisi vile vifuniko vya bati vya mviringo ubavuni mwa bloku. Kikitoboka, kubadilisha ni rahisi, lakini kimeshakwambia ni maji gani yalipita humo.

Sasa pima kompresheni. Injini ikiwa bado nje ya gari, funga housingi ya gia boksi na stata, ulete betri iliyojaa. Chomoa plagi zote nne, shikilia kabureta iwe wazi kabisa, zungusha sekunde tano kwa kila silinda. Psi 150 kwenda juu ni nzuri. Chini ya 120, iache. Tofauti kati ya silinda isizidi 15. Iliyo chini imiminie kijiko kimoja cha chai cha oili, upime tena: ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, tatizo ni valvu. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi.

Mwisho, vua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Futa oili ya chini kwa kitambaa cheupe ukitazame juani. Vumbi la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa ni beringi zinazomomonyoka. Sukuma krenki mbele na nyuma kwa mtaimbo mdogo: mchezo ukizidi milimita 0.3, washa za krenki (vile vipande vinavyoizuia isiende mbele na nyuma) zimelika, na bloku huenda imeumia pia.

Hatua ya 4: Kufunga

5K ya Liteace imelazwa tofauti ndani ya gari, kwa hiyo hamishia sampu na bomba la kunyonyea oili kutoka 4K yako. Ukisahau bomba, oili haitanyonywa vizuri kwenye kona kali. Kabureta ya 4K itawasha gari, lakini jeti zake (vitundu vya kupitishia petroli) ni ndogo: mchanganyiko utakuwa na petroli kidogo, injini itagonga na valvu za kutolea moshi zitaungua. Ongeza jeti, kisha soma rangi ya plagi. Kahawia hafifu ndiyo unayoitaka, nyeupe ongeza tena.

Kinga ya sampu isikosekane. Mawe ya uwanda, yaani ya matumbawe, ni makali na hayasogei, na sampu ya bati haihimili pigo moja.

Badilisha oili baada ya kilomita 500 za kwanza, ukaze boliti za hedi injini ikiwa baridi, na nambari mpya ya injini iandikishwe kwenye kadi ya gari.