Umoja wa usharika: anzeni na jumuiya na hesabu

Usharika wa Dar es Salaam hukusanya watu wa mikoa yote, na wengi ni wapangaji. Msharika wa ibada ya kwanza anaweza kumaliza miaka bila kumjua wa ibada ya pili. Kuhubiri upendo ni lazima, lakini watu wasiojuana majina na wasioziamini hesabu hawashikamani hata wakihubiriwa kila Jumapili.

Anzeni na jumuiya, yaani vikundi vidogo vya washarika majirani. Zigawanyeni kwa makazi, kaya 10 hadi 15 zinazofikiana kwa miguu, wala si kwa kabila, kazi au urafiki. Kaya zikizidi 20, gawanyeni tena kwa kufuata barabara, na mpaka utangazwe mapema. Mkiacha watu wajichagulie, wenye uwezo watajikuta upande mmoja, na msiba wa maskini utakosa wa kuubeba. Kutaneni nyumba kwa nyumba kwa zamu, kwa muda usiozidi saa moja. Mwenye zamu asipike, maji yanatosha. Palipozoeleka pilau na soda, aliyepanga chumba kimoja Mbagala huikwepa zamu yake, kisha haonekani tena. Kiongozi awe na daftari la mahudhurio. Aliyekosekana wiki mbili atembelewe, na siku hiyo michango isitajwe kabisa.

Rambirambi iwe na kiwango kimoja kilichoandikwa, kwa mzee wa kanisa na kwa mama muuza vitumbua sawasawa. Manung'uniko ya namna hii ni ya zamani: katika Matendo 6, Wayahudi wa Kiyunani walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu 7, na majina yote 7 ni ya Kiyunani. Fanyeni vivyo hivyo: kundi linalolalamika litoe mjumbe kwenye kamati husika.

Sadaka ihesabiwe mara baada ya ibada na watu 3 wasio ndugu, wote wasaini, na isilale nyumbani kwa mtu. Jumapili inayofuata yasomwe yaliyoingia, yaliyotoka na salio. Majina ya waliotoa na viwango vyao yasisomwe. Mnada wa mayai, kuku na ndizi zilizotolewa sadaka, nje ya kanisa, huwachanganya watu vizuri kuliko semina nyingi, ila aliyenunua kwa ahadi akumbushwe faragha.

Kwaya zikiwa zaidi ya moja, ugomvi huja kwenye vyombo na sikukuu. Tengenezeni ratiba ya miezi 3, viongozi wa kwaya zote waisaini. Kinanda na spika ziandikwe kuwa mali ya usharika, hata kama kwaya moja ndiyo iliyochangisha.

Watu wakikosana, fuateni Mathayo 18:15–17 kwa mpangilio wake: wawili peke yao, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Kosa la kawaida ni kuruka hatua ya kwanza na kulimwaga jambo kwenye kundi la WhatsApp. Kundi libaki la matangazo. Anayeanza kumsema mtu apigiwe simu siku hiyohiyo. Wasipopatana wenyewe, wazee wawili wasio na upande wawakutanishe ndani ya siku 14, kabla kila mmoja hajajikusanyia wafuasi. Wakati huo mchungaji asihubiri kwa mafumbo kuhusu jambo hilo. Anayesemwa hujitambua, hana nafasi ya kujibu mimbari, na Jumapili ijayo huenda kusali kwingine pamoja na familia yake.