Ukiambiwa una ukoma: namna ya kukaa na watu

Nilimeza dawa za ukoma huku nikiuza vitumbua hapa Lindi, na nimepona. Upande wa dawa ni mwepesi: zinatolewa bure, dozi ni ya miezi 6 au 12 kulingana na hali yako, na ukishaanza kumeza, muda si mrefu huambukizi tena. Kazi ngumu iko kwa watu.

Anza na nyumbani kwako kabla habari haijafika barazani, lakini usiwaeleze peke yako. Unaoishi nao lazima wachunguzwe ngozi, basi itumie siku hiyo. Mwombe muuguzi, au mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, awaambie wote wakiwa pamoja kwamba huu ni ugonjwa wa bakteria, hukurogwa wala si mkosi wa ukoo. Ukiyasema wewe wataona unajitetea. Mama mkwe wangu aliamini alipomwona muuguzi ameushika mkono wangu bila glavu, anaupapasa mshipa wa kwenye kiwiko huku wanapiga soga.

Kisha linda nafasi yako kwenye sinia. Kutengwa nyumbani hakuanzi na matusi. Utaona tu kikombe chako kimewekwa peke yake dirishani. Usikinywee, hata siku ya kwanza. Sema kwa upole, "Mama, mimi nakula na wenzangu," ukae, unawe, ule. Ukinyamaza wiki moja kwa ajili ya amani, watoto watazoea, na kukirudisha hicho kikombe itakuwa vita.

Jiandae na ngozi pia. Klofazimini, mojawapo ya dawa za ukoma, hutia weusi, hasa usoni, na majirani watasema ugonjwa umezidi. Jibu langu lilikuwa, "Ni dawa, itatoka." Na hutoka kweli, polepole, ukishamaliza dozi. Tafadhali usiache dawa kwa sababu ya weusi huo. Ukiacha, mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika na vidole vinapinda.

Biashara usiifunge. Vidole vyangu vya kushoto havisikii moto, kwa hiyo nageuza vitumbua kwa kijiti kirefu na kikaango nakishika kwa kitambaa kinene. Jioni naloweka mikono kwenye maji ya baridi, napaka mafuta, nakagua kidole kimoja kimoja. Kidonda ndicho mteja anachokiona, kwa hiyo kukizuia ni sehemu ya kazi yangu. Wateja walipopungua, nilimwomba shoga yangu aje asubuhi ale palepale jikoni kwangu, watu wakipita. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, mwombe waziwazi. Usingoje ajitolee.

Shughulini ndiko kugumu zaidi. Wenzako wanapika, wewe hupewi mwiko. Nenda hivyohivyo, chukua ungo, kaa katikati yao uchambue mchele. Akitokea wa kukunyang'anya, usijibizane naye. Mwite mwenye shughuli pembeni, umweleze yeye.

Na kama ni mwenye nyumba anataka uhame, au mwalimu anamtenga mwanao, rudi kituo ulichotibiwa uombe barua inayoeleza hali yako. Ipeleke kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na uende na mtu mzima mmoja wa kusikia utakachojibiwa.