Isome namba ya mpira kabla ya uji

Kwa wanaouguza mtu aliyetiwa mpira wa kulishia tumboni: kila asubuhi, kabla ya uji wa kwanza, soma namba ya sentimita pale mpira unapotokea kwenye ngozi. Mimi ya mama naiandika kwa kalamu ukutani juu ya kitanda. Chokaa itapakwa Idi ikifika. Namba ikipanda, mpira umezama ndani na unaweza kuziba njia ya chakula, mgonjwa akatapika. Ikishuka umevutwa nje, na kile kizuizi cha ndani kinachoushikilia usitoke huanza kujizika kwenye ukuta wa tumbo. Vyovyote iwavyo, usilishe wala usiusukume mwenyewe; mpeleke hospitali. Isome akiwa amelala chali siku zote, kwani akikaa namba hucheza. Mpira usio na namba tia alama ya wino, ila ukimwosha hufutika, basi itilie upya. Namba haikwambii kitu kuhusu usaha wala mpira ulioziba. Na ukichomoka wote, hasa mwezi wa kwanza tangu atiwe, usiurudishe: tundu bado bichi, uji unaweza kumwagikia nje ya mfuko wa chakula. Funika kwa kitambaa safi mwende upesi, maana tundu hujifunga kwa saa chache tu, na kutoka shamba hadi mjini si karibu.