Kwa treni kutoka Tabora hadi miembe ya Ujiji: somo kwa familia inayosafiri na watoto

Likizo ya Juni inakaribia, na wazazi wengi hapa Tabora wanaulizana wawapeleke wapi watoto kwa fedha waliyonayo. Jibu langu ni hili: pandeni treni ya usiku, mwamkie njiani kuelekea Kigoma, kisha siku nzima muitumie Ujiji, kwenye bustani ya kumbukumbu ya Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, chini ya miembe. Ni safari ambayo mtoto wa Tabora anaielewa upesi, kwa sababu nusu ya habari za Ujiji zilitokea hapa kwetu Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora.

Somo hili ni la mzazi ambaye hajawahi kulala kwenye treni na watoto. Nitakaa zaidi kwenye tiketi na kwenye Ujiji yenyewe.

Hatua ya kwanza: anza na treni ya kurudi

Treni ya Kigoma haitembei kila siku, na ratiba hubadilika. Nenda stesheni mwenyewe, uliza siku za kwenda na siku za kurudi, uziandike zote kwenye karatasi moja. Chagua kwanza siku ya kurudi, halafu rudi nyuma utafute ya kwenda. Wengi hufanya kinyume, wakajikuta Kigoma wamemaliza matembezi na treni bado siku kadhaa.

Tabora ni njia panda: kuna reli ya Mwanza, kuna ya Kigoma, na ile ya Mpanda inayochepuka Kaliua. Dirishani taja "Kigoma" waziwazi, na siku ya safari muulize mhudumu kabla ya kupandisha mizigo kama behewa hilo linafika huko.

Juni na Julai ni miezi mizuri. Mvua hakuna na watoto wako likizo. Desemba pia inafaa kwa anayependa maembe, ila ujiandae kwa mvua na kwa treni kuchelewa.

Hatua ya pili: wiki moja kabla, wapeleke Kwihara

Hatua hii wengi wataiona ya ziada, lakini mimi siiachi. Kwihara iko kilomita chache tu kutoka mjini, na kuna tembe la kumbukumbu, nyumba ya udongo yenye paa bapa, mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872. Alifika na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, mwezi Februari wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki mpaka Agosti akisubiri wapagazi na vifaa. Mtoto akiliona tembe kwanza, atafika Ujiji akiwa na maswali yake mwenyewe mdomoni.

Hatua ya tatu: nunua chumba kizima

Hapa ndipo pa kuzingatia. Daraja la pili kulala lina vyumba vya vitanda sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, kimoja juu ya kingine. Desturi ni kwamba wanaume hulala chumba chao na wanawake chao. Familia ikikata tiketi mojamoja, baba anaweza kujikuta mwisho wa behewa na wageni, mama yuko kwingine na watoto wote. Mkichukua vitanda vyote sita, chumba ni chenu, mnafunga mlango na mnalala pamoja.

Kama nyumbani mko wanne au watano, tafuta ndugu wa kujaza nafasi: shangazi, binamu, au jirani mwenye mtoto mmoja. Gharama inagawanyika na mlezi anaongezeka. Taja umri wa kila mtoto dirishani kabla hujalipa, kwa sababu nauli ya mtoto mdogo si sawa na ya mtu mzima. Beba vitambulisho vya wakubwa.

Daraja la tatu ni la bei nafuu na watu wake ni wakarimu sana, lakini usiku kucha na mtoto wa miaka mitatu mapajani si jambo ninalomshauri mzazi anayetaka kesho yake atembee Ujiji mchana kutwa. Ukikosa vitanda, afadhali daraja la pili kukaa.

Hatua ya nne: mkoba wa njiani

Maji ya kunywa, maji mengine ya kunawa, karatasi za chooni, tochi, shuka nzito au blanketi kwa kila mtoto. Usiku wa Juni nyika ya Unyamwezi ina baridi, na upepo wa dirishani hauna huruma. Chakula cha usiku pika nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi. Cha asubuhi utakipata stesheni za njiani, beseni likiinuliwa mpaka usawa wa dirisha, karanga, mihogo na ndizi. Weka chenji ndogondogo mfukoni, kwani treni haisubiri mtu arudishiwe salio.

Kitu kimoja ambacho hakimo kwenye orodha za watu: kipande cha mti chenye urefu wa kiganja. Dirisha la chumba hufunguka kwa kuteleza, na usiku treni ikisimama mkono wa kibaka unaweza kupita. Ukilikaza dirisha kwa kile kipande, mnalala. Mikoba yote iwe chini ya kitanda cha chini, upande wa ukutani.

Hatua ya tano: usiku wenyewe

Wadogo walale vitanda vya chini, wakubwa wa miaka kumi na zaidi wapande juu; hawatakubali vinginevyo. Kitanda cha kati hukunjwa, kwa hiyo kikunjeni wakati wa kula ili mkae vizuri.

Kabla hawajalala, waambie habari ya Urambo, kwa sababu treni inapita hapo. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa na vita na Waarabu wa Tabora, na njia ya misafara kwenda Ujiji ilifungwa. Stanley alijiunga na Waarabu hao kwenda kumpiga, wakashindwa, na baadaye watu wa Mirambo waliuvamia mji wa Tabora wenyewe. Ndipo Stanley akaamua kuzunguka kusini. Aliondoka Unyanyembe mwezi Septemba akaingia Ujiji Novemba, zaidi ya siku hamsini za mguu. Ninyi mnapita katikati ya nchi ya Mirambo mmelala. Njia ya reli kutoka Tabora hadi Kigoma ni kilomita kama 410. Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Alfajiri waamshe. Upande wa Mto Malagarasi nchi inabadilika, na mnapofika Uvinza waambie kwamba chumvi ya chemchemi za pale imekuwa ikichemshwa na kuuzwa mbali tangu zamani sana, kabla ya Mjerumani na kabla ya Mwarabu. Kutoka hapo si mbali tena.

Hatua ya sita: kushuka Kigoma

Stesheni ya Kigoma ni jengo la enzi ya Wajerumani na ndio mwisho wa reli. Mbele yake ni ziwa. Nawisheni watoto, kunyweni chai, wekeni mizigo nyumba ya wageni mliyoagiza mapema. Daladala za Ujiji zinapita barabara ya Lumumba kupitia Mwanga. Bajaji inafaa zaidi mkiwa na watoto, ila patana bei kabla ya kupanda. Ni kilomita kama 8.

Hatua ya saba: Ujiji, bila haraka

Fikeni asubuhi, jua halijawa kali. Kiingilio lipeni getini, mkiuliza bei ya Mtanzania na ya mtoto, kisha ombeni mwongozaji wa pale awatembeze. Mpeni nafasi ya kueleza. Msimkatishe kwa picha.

Jambo la kwanza ni mnara wa jiwe unaoonyesha mahali walipokutana Livingstone na Stanley, tarehe inayotajwa ikiwa 10 Novemba 1871. Mwembe wa siku ile haupo tena, ulizeeka ukafa. Miembe miwili iliyopo inaelezwa kwamba ni ya uzao wake. Waacheni watoto waizunguke, waguse magome, wakae kivulini. Jumba la makumbusho lenye sanamu za wale watu wawili wakisalimiana liko hapo hapo.

Ninachowaomba wazazi ni kimoja: msiishie kwa wazungu wawili na kofia zao. Mtu wa kwanza kumsalimia Stanley siku ile alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na wa pili Chuma. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakipita Unyanyembe, yaani hapa kwetu. Walifika pwani Februari 1874. Mtoto anayetoka Ujiji bila kuyajua majina hayo mawili amekosa nusu ya safari.

Waonyesheni pia miembe ya mtaani. Mwembe si mti wa asili wa nchi hii; njia za misafara ndizo zilizoueneza bara. Ndiyo maana Tabora na Ujiji, miji ya njia moja, inafanana kwa vivuli vyake.

Kaeni pale mpaka mchana. Chakula kiwe ugali na migebuka, samaki wa ziwa hili, ya kukaanga au ya mawese, halafu jioni ndipo mwende ufukweni. Kwa siku moja na watoto, bustani na ziwa vinatosha.

Maswali ya wanachama wa kundi letu

Mama Doto, Isevya: Shikamoo mwalimu. Mimi niko peke yangu na watoto watatu, wa mwisho ana miaka miwili. Nitaweza?

Marahaba mama. Utaweza ukipata mtu mzima wa pili. Kuna saa mtoto mmoja anataka choo na mwingine amelala, na choo kiko mwisho wa behewa. Mchukue mdogo wako wa kike au binti wa jirani aliyemaliza shule. Kama huna mtu, tafuta mama mwenzio humu mnunue chumba kimoja. Wanawake na watoto peke yenu mnajaza vitanda sita bila tabu.

Baba Neema, Cheyo: Kaka, treni ya kurudi imeangukia siku ya tatu na mimi nina ruhusa ya siku mbili. Nifanyeje?

Nenda kwa treni, rudi kwa basi la mchana. Barabara inapita Uvinza na kuvuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete, lililofunguliwa mwaka 2015, kwa hiyo watoto wataliona bonde lile mchana. Kata tiketi ya basi siku mnayofika, kabla ya kwenda Ujiji.

Kijana wa Ng'ambo: Kwa nini tusisubiri SGR, reli mpya ya kisasa? Si inajengwa mpaka Kigoma?

Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na nitafurahi siku kitakapoanza kubeba abiria. Lakini mwanao wa miaka minane hatangoja. Mpeleke sasa kwa treni iliyopo, na ile mpya mtaipanda pia.

Dada wa Mwanga, Kigoma: Karibuni kwetu. Umesahau meli ya Liemba! Na waambie wasioge Ujiji mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga.

Asante dada. Liemba inastahili kutajwa kwa sababu ni mtoto wa reli hii hii. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa treni na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ukipita karibu na bandari waonyeshe watoto ilikounganishwa.

Kuhusu kuoga, msikilizeni mwenyeji. Karibu na mwalo kuna hatari ya kichocho, na mamba wapo katika ziwa hili. Waulizeni wenyeji ufukwe gani ni salama, na hata hapo mtu mzima aingie majini na watoto. Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, zaidi ya mita 1,400, na kuna sehemu ambapo kina kinaanza karibu sana na nchi kavu.

Mama Zawadi, Kipalapala: Tukiwa kule tuunganishe na Gombe siku hiyo hiyo?

Hapana mama. Gombe ni safari ya boti kuelekea kaskazini, ina viingilio vyake na utaratibu wake wa kuwafuata sokwe, na umri wa watoto huangaliwa. Ipangieni safari yake.

Babu Kasim, Tabora: Wajukuu wangu wana miaka saba na kumi. Habari za utumwa niwaeleze, au nisubiri wakue?

Shikamoo babu. Kwa maoni yangu waeleze, kwa kipimo chao. Ujiji ilikuwa soko na kituo cha misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na huwezi kusimama pale ukalipita hilo. Wa miaka saba inamtosha kujua kwamba watu walifungwa wakatembezwa mpaka pwani kuuzwa, na kwamba ilikuwa dhuluma. Wa miaka kumi unaweza kumwambia kwamba Julai 1871, miezi michache kabla ya kukutana na Stanley, Livingstone aliona wafanyabiashara wa watumwa wakiua mamia ya watu sokoni Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, na barua zake ziliwachochea watu Uingereza wadai biashara hiyo ikomeshwe. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Mweleze mkiwa mmekaa kivulini, na umwache aulize. Ya usiku, kitandani kwenye treni, iwe habari ya Mirambo.

Mama Doto tena: Nimepata mtu. Sasa tununue nini cha kurudi nacho?

Dagaa wakavu na mawese, na kitenge kimoja chako mwenyewe. Mawese funga kwenye dumu lenye mfuniko unaokaza, ulizungushie kitambaa kizito mara mbili, na liwe wima kwenye kona ya chumba. Dagaa weka mbali na nguo za watoto.